Jina Magreth: maana yake, asili yake, na tahajia ipi iandikwe kwenye cheti cha mtoto?

MamaWaPasua (Moshi)

Habari zenu wakuu. Naomba kueleweshwa na wanaojua mambo ya majina. Tumepata binti wa kwanza, na kwa desturi ya huku Uchagani anachukua jina la bibi mzaa baba, ambaye ni Magreth. Sasa cheti cha ubatizo cha bibi kimeandikwa Margarita, kitambulisho cha taifa kinasema Magreth, na mkataba wa shamba unasema Margareth. Tangazo la kizazi tunalo, ila mahali pa jina bado hapajajazwa.

Ninachoomba kujua: jina hili maana yake nini, na limetoka lugha gani? Lipo kwenye Biblia? Katika hizo tahajia tatu, ipi ndiyo sahihi? Halafu shangazi wa mtoto anasema tumwite Lulu, maana eti Magreth na Lulu ni kitu kimoja. Kuna ukweli hapo? Natanguliza shukrani.

---

MzeeWaNkwarungo

Hongereni sana kwa mtoto, mama. Shangazi yupo sahihi kwa upande wa maana. Magreth ni lulu.

Asili yake ni Kigiriki, *margarites*, ile lulu inayopatikana ndani ya chaza. Wagiriki nao walilipokea kutoka mashariki, pande za Uajemi, ambako mpaka leo lulu huitwa *morvarid*. Kilatini kikalichukua kama *margarita*, na Wakristo wa kale wakaanza kuwaita binti zao hivyo. Huko Ulaya kila taifa likalikata kwa kisu chake. Wajerumani wana Margarete na Margarethe, na vifupi vyake ni Grete, Greta na Gretel. Wafaransa wana Marguerite na Margot, Waitaliano Margherita, Wahispania Margarita, Wapoland Małgorzata. Denmark wanaandika Margrethe, na ndivyo alivyoitwa malkia wao aliyekaa kwenye kiti tangu 1972 hadi Januari 2024. Waingereza wana Margaret, na humo kuna Maggie, Meg na Peggy. Peggy huwashangaza wengi. Ni Meg iliyogeuzwa M ikawa P, kama walivyofanya Molly ikawa Polly. Hata Rita ni kipande cha mwisho cha Margherita.

Kwenye Biblia hakuna mwanamke mwenye jina hili, usihangaike kumtafuta. Neno lenyewe ndilo lililomo. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na pale ambapo sisi tunasoma "lulu", Kigiriki kina *margarites*. Fungua Mathayo 13:45-46, habari ya mfanyabiashara aliyeona lulu moja ya thamani kubwa, akauza kila alichokuwa nacho ili ainunue. Soma na Ufunuo 21:21, ambako milango kumi na miwili ya mji mtakatifu ni lulu kumi na mbili, kila mlango lulu moja. Mchungaji akiuliza jina lina msingi gani katika Maandiko, mjibu kwa Mathayo 13, inatosha kabisa.

Angalizo moja. Kuna orodha za majina mtandaoni zinazosema maana yake ni "ua". Sababu ni kwamba Kifaransa kina ua jeupe liitwalo *marguerite*, na ndiyo maana Waingereza humkatisha Margaret akawa Daisy, jina la ua hilohilo kwao. Lakini ua ndilo lililopewa jina la lulu. Lulu ilitangulia.

---

Katekista_Kilema

Naongezea upande wetu Wakatoliki, maana hapo kwenye "Margarita" watu wengi hupotea.

Mama, hilo si kosa. Vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani vilijazwa kwa Kilatini. Yohane aliandikwa Joannes, Petro akawa Petrus, na kila Magreth, Magreti na Margareta aliingia kitabuni kama Margarita. Ukiomba nakala leo, karani wa parokia ananakili kilichomo kitabuni, na hana ruhusa ya kuandika Magreth kwa sababu tu kitambulisho kinasema hivyo. Ukienda kuomba, nenda na jina la baba wa mbatizwa, mwaka wa ubatizo na namba ya LB, yaani namba yake kwenye kitabu cha ubatizo, kama ipo kwenye cheti cha zamani. Bila LB watalazimika kufunua kurasa za mwaka mzima, na wenye jina hili ni wengi sana kwenye vitabu hivyo. Ulizia kwa Margarita. Karani akitafuta Magreth kwenye ukurasa wa Kilatini atakwambia hayumo, kumbe yumo.

Sasa somo wa mtoto, yaani mtakatifu anayechukua jina lake. Wapo watakatifu kadhaa wenye jina hili, na ni vizuri mchague mmoja mkimjua, ili mtoto ajue sikukuu yake ni lini.

Wa kale kuliko wote ni Margarita wa Antiokia ya Pisidia, nchi ambayo leo ni Uturuki, shahidi wa wakati wa dhuluma za Kaisari Diokletiano, mwanzoni mwa karne ya 4. Sikukuu yake ni 20 Julai. Waorthodoksi humwita Marina na kumkumbuka 17 Julai. Masimulizi yake yanasema alimezwa na joka akatoka mzima akiwa na msalaba mkononi, na kwa ajili hiyo wanawake wajawazito wa Ulaya walimwomba awaombee wajifungue salama. Ndiyo sababu kwenye picha nyingi anasimama juu ya joka. Ni mmoja wa wale Watakatifu Wasaidizi Kumi na Wanne, na Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa Ufaransa, aliwaambia mahakimu wake mwaka 1431 kwamba sauti alizozisikia zilikuwa za Katarina na Margarita. Mwaka 1969 sikukuu yake iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima kwa kuwa historia ya maisha yake haina ushahidi wa kutosha. Hii isiwatishe. Bado yumo kwenye orodha rasmi ya mashahidi, na jina lake linapokelewa kwenye ubatizo.

Mwenye historia iliyoandikwa vizuri ni Margareta wa Uskoti. Alizaliwa Hungaria karibu na mwaka 1045, akaolewa na Mfalme Malcolm III, akafariki Edinburgh tarehe 16 Novemba 1093, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu yake. Huyu ndiye aliyelifanya jina lienee Uskoti na Uingereza. Alijulikana kwa kuwalisha maskini na yatima kabla yeye mwenyewe hajala.

Lakini kwa familia za huku kwetu zenye ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mimi ningemtazama Margareta Maria Alacoque, sista Mfaransa wa Paray-le-Monial, 1647 hadi 1690. Ile desturi ya kupokea komunyo Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi imetokana na maono yake ya miaka ya 1670. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1920, na sikukuu yake ni 16 Oktoba. Bibi nyingi za Kilema na Marangu zimesali Ijumaa ya kwanza maisha yao yote bila kujua kwamba aliyeieneza alikuwa somo wao.

Wapo pia Margarita wa Cortona (22 Februari) na Margareta wa Hungaria (18 Januari). Na Mtakatifu Rita wa Cascia alibatizwa Margherita. Sikukuu yake ni 22 Mei.

---

MamaWaPasua (Moshi)

Mzee wangu shikamoo, na Katekista asante sana, nimepata nilichokuwa sijui kabisa. Swali lililobaki ni la Lulu. Jirani anasema hilo ni jina la Kiislamu na paroko hatalikubali. Na je, naweza kuweka yote mawili, Magreth Lulu?

---

Mwl_Sanawari (Arusha)

Lulu ni neno la Kiarabu, *lu'lu'*, lililoingia Kiswahili siku nyingi. Limo ndani ya Kurani. Sura ya 55, aya ya 22, inasema katika bahari mbili hutoka lulu na marijani. Waislamu wengi wanalipenda kwa sababu hiyo, na wana haki. Lakini neno hilohilo ndilo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilotumia Mathayo 13. Halina dini. Ni jina la kito, na pwani utalikuta kwenye nyumba za dini zote mbili.

Hapo pana jambo ambalo watu wa majina hulipita haraka. Magreth na Lulu wana maana moja lakini hawana ukoo mmoja. Mmoja ni Mgiriki, mwingine ni Mwarabu. Ndugu wa damu wa Magreth katika Kiswahili ni Marijani! Kiarabu *marjan* wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye Kiaramu *marganita*, yaani lulu, neno lile lile lililo jirani na *margarites*. Njiani maana ikahama, na sisi tukalipokea likiwa na maana ya ile fedhaluka nyekundu ya baharini. Sikiliza herufi zenyewe: m, r, g, n, m, r, j, n. Kwa hiyo Mzee Marijani wa Tanga na Bibi Magreth wa Machame majina yao yametoka mlango mmoja.

Na hata majarini ya kupaka mkate imo humo. Mfaransa Chevreul, mwaka 1813, aliona mafuta fulani yakiganda yanang'aa kama lulu, akayaita kwa neno hilo la Kigiriki. Jina la bidhaa likafuata baadaye.

Kuhusu paroko, Katekista atanisahihisha, lakini sheria ya sasa ya Kanisa (kanuni ya 855) inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Sheria ya zamani ya 1917 ndiyo iliyosisitiza jina la mtakatifu. Lulu haipingani na chochote.

---

Katekista_Kilema

Hakuna cha kusahihisha Mwalimu. Nitaongeza tu kwamba paroko anaweza kushauri mtoto apewe na somo, na hapo mnamwambia somo wake ni Margareta. Lulu inabaki jina, Margareta anabaki mwombezi. Mueleze mapema, siku ya kuandikisha ubatizo, msisubiri asubuhi ya ibada watu wamejipanga kisimani.

---

Kiboriloni_Juu

Mimi naona mnazunguka sana. Tahajia sahihi ni Margaret, basi. Magreth ni makosa ya makarani wetu wasiojua Kiingereza, na tunawarithisha watoto makosa.

---

MzeeWaNkwarungo

Hapana ndugu yangu, tusiwabebeshe makarani mzigo usio wao. Margaret ni tahajia ya Kiingereza, na jina hili halikuletwa mlimani na Kiingereza peke yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na walikuwa Wajerumani. Kwao jina ni Margarethe, na *th* ikiwa mwishoni. Kijerumani cha miaka ile kiliandika *th* mahali pengi inapotamkwa *t* tu. Hata mageuzi ya tahajia ya 1901 yalipoiondoa kwenye maneno yao ya kawaida, majina ya watu yaliachwa nayo. Hiyo *th* ya Magreth ina wenyewe.

Ile *r* ya kwanza nayo ina maelezo. Mwingereza wa kusini akisema Margaret haitamki *r* iliyo kabla ya *g*. Msikilize vizuri, anasema "Maagrit". Kiswahili chetu nacho hakipendi silabi inayoishia na *r*. Mwenye sikio la Kiswahili, akimsikia Mwingereza, ataandika nini kama si Magret? Unganisha na *th* ya Mjerumani, unapata Magreth. Jina hili ni letu sasa, na limeandikwa hivyo kwenye maelfu ya vyeti vya halali. Mdenmark anaandika Margrethe na hakuna anayemwambia malkia wake amekosea.

Na Waingereza walipokuja kutawala walilikuta. Kilichoongezeka zama zao ni umaarufu. Binti wa mfalme, Princess Margaret, alitembelea Tanganyika mwaka 1956, na hospitali tunayoiita Muhimbili leo ilipewa jina lake kabla ya uhuru.

Kwa matamshi, kumbukeni Kiswahili kina *th* yake, ile ya thamani na thelathini. Mtoto akifika shule za pwani wataita Magrethi kwa ulimi kati ya meno. Nyumbani wataita Magreti au Mage. Yote atayajibu.

---

Karani_Boma

Nimesoma yote. Sasa tushuke kwenye karatasi, maana mama ana tangazo la kizazi mkononi na siku zinahesabika. Usajili wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Zikipita, unaingia usajili uliochelewa. Hapo wataomba vielelezo vya ziada kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji, na kila kielelezo kikiwa na tahajia yake ndipo kazi inapoanza.

Tahajia sahihi kisheria ni ile iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Hakuna kamati ya kuamua kati ya Margaret na Magreth. Ninachoshauri mfuate kitambulisho cha taifa cha bibi, yaani Magreth, kwa kuwa ndicho anachotumia sasa, na jina lina herufi saba tu. Yaandikeni majina yote matatu ya mtoto kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi safi, mpeni anayejaza. Msitaje kwa mdomo. Kutaja kwa mdomo ndiko kunakozaa MAGRET, MARGRETH na MAGRATE. Cheti kikitoka, kisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado dirishani: jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe. Mkiona kosa semeni hapohapo. Mkishaondoka nacho, ni maombi ya marekebisho, vielelezo na kurudi tena.

Magreth Lulu kwa pamoja: inaruhusiwa, lakini fikirini mara mbili. Fomu zetu nyingi zina nafasi tatu, jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mtoto mwenye majina yake mawili, akaongeza la baba na la ukoo, ana manne. Shuleni mwalimu mmoja ataacha Lulu, mwingine ataacha jina la baba. Darasa la saba anaonekana Magreth Lulu fulani, kidato cha nne anaonekana Magreth wa baba yake. Siku anaomba mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na majina yanatakiwa kulingana na ya cheti cha mtihani. Hapo ndipo wazazi huanza kutafuta wakili. Chagueni moja liingie kwenye cheti. La pili libaki la nyumbani, au la ubatizo.

Ikiwa mtachagua Lulu liwe la cheti, faida yake ni kwamba halikosewi. Kasoro yake ni kwamba watu hudhani ni kifupi cha Lucy au Lucia, na kila dirisha ataulizwa "jina lako kamili?" Ajibu tu kwamba hilo ndilo kamili.

Halafu bibi mwenyewe. Msikimbilie kumbadilisha jina. Hati ya kubadili jina ni ya mtu anayeliacha jina moja na kuchukua jingine. Inaandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Bibi habadili kitu, ana tahajia tatu za jina moja. Kinachomfaa ni hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, inayosema kwamba Margarita, Margareth na Magreth ni mtu mmoja. Zitajwe zote tatu kama zilivyo, na kila moja itajwe imetoka kwenye waraka gani, na nakala za nyaraka hizo ziambatishwe. Kiapo kinachosema "majina mengine yanayofanana" kwa jumla hurudishwa. Fanyeni sasa bibi akiwa na nguvu zake, hasa kwa vile tahajia mojawapo ipo kwenye mkataba wa shamba. Kwenye mirathi, tofauti ya herufi mbili inaweza kusimamisha kila kitu, na mwenye jina hayupo tena wa kuapa.

---

Vito_Njiro

Mmesema mengi ya lulu nami niongeze kwa wanaotaka kumpa mtoto zawadi ya jina lake siku ya ubatizo. Huku Arusha macho yetu yako kwenye tanzanaiti ya Mirerani, kwa hiyo lulu wengi huinunua bila kuijua. Lulu si jiwe. Chaza huizunguka chembe iliyomwingia kwa tabaka juu ya tabaka za chokaa inayong'aa, na ndiyo sababu haikatwi wala haisuguliwi kama tanzanaiti. Ukitaka kuipima dukani, isugue taratibu kwenye ncha ya jino. Ya kweli inakwaruza kidogo, kama ina mchanga mwembamba mno, na ya plastiki inateleza. Chungulia na tundu la uzi. Ya bandia huonyesha ngozi ya rangi inayobanduka ukingoni mwa tundu.

Kwa kuwa ni chokaa, inaliwa na tindikali. Limao, siki, manukato, hata jasho likiachwa linaifubaza. Ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila sabuni ya unga. Msiiweke kisanduku kimoja na tanzanaiti, maana lulu ni laini zaidi na itakwaruzwa. Mtoto mchanga asivikwe shanga hizo shingoni hata kwa picha, uzi ukikatika zinaingia kinywani. Wekeni hadi kipaimara.

---

MamaWaPasua (Moshi)

Asanteni nyote, Mungu awabariki. Tumekubaliana Magreth kwenye cheti, Lulu nyumbani, na somo ni Margareta Maria wa Moyo Mtakatifu. Karani, swali dogo: kwenye fomu ya ubatizo paroko akiandika Margareta na cheti cha RITA kikisema Magreth, italeta shida?

---

Karani_Boma

Kwa cheti cha RITA haileti shida mkisajili ndani ya siku 90, kwa sababu hapo cheti cha ubatizo hakiombwi. Itakuja kuuma baadaye mkikihitaji kama kielelezo. Mwombeni paroko aandike Magreth kwenye nafasi ya jina, na Margareta Maria kwenye nafasi ya somo. Nendeni na nakala ya cheti cha kuzaliwa ili anakili kutoka hapo. Yaani RITA kwanza, parokia baadaye.